Gitaa Jekundu Kabla ya Machweo

Sironga,
Nyamira.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa shemeji Ogweno,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima huko Minnesota, na kwamba dada yangu Nyanchera anaendelea vizuri na lile goti lake. Je, amekubali upasuaji, au bado anawaambia madaktari kwamba atafikiria? Namjua sana. Tukiwa wadogo aliwahi kutembea na mwiba mguuni wiki nzima kwa kuogopa sindano ya Mama. Mwambie amekuwa bibi sasa, awaachie wajukuu kazi ya kuogopa.

Sisi hapa tuko salama. Presha yangu hupanda na kushuka inavyotaka, lakini namshukuru Mungu nalala na kuamka. Mvua ya Agosti ilikuwa nzuri, majani chai yamechipuka hata wachumaji hawatoshi. Upepo ulituangushia migomba mitatu nyuma ya jiko, ikiwa na mikungu ambayo haijakomaa, basi wiki nzima tumekula matoke ya ndizi changa na kugawia majirani. Mama ametimiza miaka tisini na mmoja. Macho yamekwisha kabisa sasa, haoni hata mwanga wa dirisha. Hata hivyo anakula vizuri, na bado ananigombeza kwamba naweka chumvi nyingi.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia kwa kalamu na karatasi wakati simu ipo. Nilikupigia mara mbili. Mara ya kwanza akapokea Nyanchera, nikamuuliza habari za goti. Mara ya pili ukapokea wewe mwenyewe, nikakuuliza habari za baridi. Ndipo nikajua neno hili halitapita kinywani mwangu. Emily, binti wa jirani yetu, anasafiri kuja huko Alhamisi, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi. Tafadhali isome wewe kwanza. Ukimaliza, kumpa Nyanchera ni uamuzi wako.

Unamkumbuka yule mwalimu Mzungu wa fizikia, yule wa kujitolea, aliyetembea mjini Kisii na kamera shingoni hata akienda kununua mkate? Alifariki kwao miaka miwili iliyopita. Binti yake alipokuwa akisafisha nyumba alikuta sanduku la viatu lililojaa mikanda midogo ya filamu, kila mmoja wa dakika mbili tatu. Akaipeleka kwa mafundi, wakaiunganisha na kuiweka katika kompyuta, kisha akawatumia watu wa utamaduni wa hapa kwetu. Nao wakakodi ukumbi mjini na kutangaza redioni kwamba Jumapili, tarehe 24 Agosti, wataonyesha filamu ya bendi ya Manga Rockets.

Ndiyo, shemeji. Bendi yenu. Onyesho lenu la kwanza kabisa, lile la uwanja wa mpira, Jumamosi ya tarehe 21 Agosti 1976. Dakika ishirini na mbili zimepatikana.

Nilikwenda na Sheila, binti wa kaka yetu Abner. Alikuja kutoka Nyamarambe asubuhi, amefunga duka, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiwa kijana hata kwa picha, kwa sababu unajua jinsi picha za Abner zilivyoondolewa zote katika nyumba yetu. Tulikaa safu ya pili. Ukumbi ulijaa wazee wenye mikongojo na wajukuu waliokuja kuona kama kweli babu zao waliwahi kufuga nywele.

Sasa nikupe maoni yangu kuhusu filamu yenyewe. Nina haki hiyo. Mimi nilikuwa shabiki wenu wa kwanza, hata kabla ya Nyanchera, maana yeye alikupenda wewe, hakupenda muziki. Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya kinu cha posho siku za wiki, sare ya shule bado mwilini, nikiwasikiliza mkifanya mazoezi hadi mwenye kinu anazima mashine.

Nianze na mabaya. Mpiga picha hakujua muziki hata kidogo. Masese anapokaribia maikrofoni kuimba ule wimbo wa treni, wimbo mzuri kuliko yote mliyotunga ingawa kati yenu ni wewe peke yako uliyewahi kuiona treni, kamera inamwacha na kumfuata mbuzi anayekatiza mbele ya jukwaa. Mbuzi yule amepewa muda mrefu kuliko besi ya Masese. Kisha mkanda unakatika katikati ya ubeti wa pili, na ukirudi tayari mko kwenye wimbo mwingine. Niliumia kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajashiba. Sauti nayo inakwaruza, na marehemu Ouma anapiga ngoma kana kwamba anazidai kitu. Mtu asiyewajua angesema ni vijana wanne waliopata umeme kwa mara ya kwanza.

Lakini mlikuwa wazuri. Hilo ndilo nililotaka kujua miaka yote hii, kama mlikuwa wazuri kweli au ni mimi tu niliyekuwa na miaka kumi na saba. Mlikuwa wazuri, shemeji. Wajukuu wakinisikia nikisema Kisii ilikuwa na bendi ya roki hunitazama kama ninayeota. Sasa nina ushahidi. Na haikuwa roki ya kuiga redio. Abner alilegeza nyuzi za lile gitaa lake jekundu mpaka likanguruma kama obokano, kinubi kikubwa cha wazee wetu ambacho babu alimfundisha kabla hajaanza shule. Halafu Ouma akaweka mwendo wake wa kasi juu ya mngurumo ule. Hakuna bendi nyingine iliyokuwa na sauti hiyo. Ukiisikia kutoka mtaa wa tatu unajua ni gitaa la Abner.

Kuhusu suruali yako ya bugaluu, yenye miguu mipana kama sketi, sitasema mengi. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao hadi machozi. Nilikuwa bado nayafuta wakati Sheila aliponigusa mkono.

"Anti," akanong'ona, "na huyo mwenye ameshika gitaa ya buda ni nani?"

Nikatazama. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya maduka, kali, watu wamejikinga macho kwa viganja. Jukwaani Masese yuko na besi, Ouma yuko nyuma ya ngoma, na wewe umesimama mbele, upande wa Abner. Gitaa lako jeusi limeegemezwa kwenye amplifaya. Shingoni mwako limening'inia gitaa jekundu, na unapiga sehemu ya Abner, noti kwa noti, kama alivyokufundisha nyuma ya kinu. Abner hayuko.

Nikamwambia Sheila kwamba ni wewe, mjomba wake wa Amerika. Akasema aa, na buda, yaani baba yake, yuko wapi?

Kamera ikamjibu. Iligeuka kuwatafuta wasichana waliokuwa wakicheza, ikapita kwenye ua wa miti, na pale kando yake, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, ameketi kaka yangu. Amevaa shati lake jeupe la Sabato na tai. Mikono iko magotini. Hatazami jukwaa. Amewapa mgongo nyote na kuelekeza uso wake kwenye jua, anangoja lizame. Kamera ilikaa naye sekunde tatu, labda nne, kisha ikaenda kwa wasichana.

Sikusikia chochote kwa muda baada ya hapo, ingawa nyimbo ziliendelea. Ninachokumbuka ni kipande cha mwisho. Jua linazama, picha inakuwa ya kijivu, kisha karibu nyeusi, kwa sababu ile kamera haikuwa na taa. Mtu mwenye shati jeupe anapanda jukwaani. Anafungua tai, anaikunja, anaitia mfukoni. Wewe unavua gitaa na kumpa kwa mikono miwili. Baada ya hapo huoni mtu tena, unaona shati tu likiyumba gizani. Watu wengine ukumbini waliinuka na kuanza kutafuta mikoba yao wakidhani filamu imeharibika. Kwa maoni yangu ndizo dakika bora za filamu nzima, kwa sababu hakuna cha kutazama, unasikiliza tu.

Na kwa kusikiliza ndipo nikaona kosa langu. Obokano hupigwa na mtu asiye na haraka. Anapiga, anaacha uzi ulie uishe, ndipo anapiga tena. Hivyo ndivyo Abner alivyopiga gizani. Mkono wako, shemeji, haukuwa hivyo. Noti zilikuwa zake, lakini vidole vilikuwa vya watu wenu wa ziwani, vilikuwa na kinubi chenu cha nyatiti ndani yake, vinakimbizana na kurudi nyuma kidogo kabla ya kuruka mbele. Ulikuwa ukimwiga vizuri sana, lakini babu yako alikuwa ndani ya vidole vyako kama babu yetu alivyokuwa ndani ya vyake. Mtu aliyejidai kuwa shabiki wa kwanza wa Manga Rockets angepaswa kusikia tofauti hiyo hata akiwa usingizini. Mimi sikuisikia.

Unajua yaliyofuata onyesho lile, lakini hukuwamo ndani, basi nikusimulie ya ndani. Baba alikuwa amemruhusu Abner kwa shida, tena kwa sharti moja: asiguse uzi mpaka jua la Jumamosi lizame na Sabato ifungwe. Matangazo yenu yalisema saa moja jioni, jua likiwa limekwisha zama. Halafu Mzungu akawaambia kamera yake haioni gizani, na mkaanza saa kumi. Saa hiyo mimi nilikuwa mlimani Nyanchwa, katika mkutano wa vijana. Tulikuwa tumeinamisha vichwa tukiomba, na sauti ikapanda mlima kutoka uwanjani. Watu wakafumbua macho. Msichana mmoja kando yangu akauliza ni kelele gani hizo.

Nikamwambia kwa fahari kwamba huyo ni kaka yangu.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna mtu mwingine mlimani pale aliyejua ni mkono wa nani. Mimi ndiye niliyelitaja jina lake, kwa majivuno, nikionyesha kwamba nina masikio. Msichana akamwambia mama yake, mama yake akamwambia mzee wa kanisa letu, na Alhamisi baraza likakaa. Nikaitwa. Wakaniuliza kama nilimsikia kaka yangu akipiga gitaa kabla ya jua kuzama. Nikasema ndiyo, na nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba hakuna mwingine anayeweza kupiga vile.

Abner alisimama pale mbele. Hakunikasirikia. Alisema maneno machache tu: "Si mimi. Mimi nilingoja." Wakamuuliza, kama si wewe, ni nani basi? Akamtazama Baba, kisha akatazama chini, na hakusema neno lingine mpaka wakalifuta jina lake katika kitabu cha kanisa. Ouma alikuja nyumbani Jumapili akitaka kueleza, lakini alikuwa amekunywa ili apate ujasiri, na Baba hakumfungulia lango. Jioni hiyo Abner aliondoka na nguo zake katika mfuko wa mbolea. Gitaa aliliacha kwako.

Kwa miaka arobaini na tisa niliamini kwamba alinyamaza kwa sababu alikuwa anasema uongo na uongo ulimwishia. Sasa najua. Desemba ile ulikuwa unakuja na wajomba zako kumposa Nyanchera. Baba alikuwa amekubali nusu tu, maana ulikuwa Mjaluo tena Mkatoliki, na alikuwa akitafuta sababu moja ya kukataa. Abner angekutaja mbele ya baraza, Baba angekufungia mlango siku hiyo hiyo. Alinunua ndoa yenu kwa jina lake mwenyewe. Na wewe ulijua.

Elewa vizuri ninachokilalamikia. Sikulaumu kwa kupiga. Jumamosi kwako ilikuwa siku kama nyingine, uwanja ulikuwa umejaa, jua lilikuwa linakwenda na mikanda ya Mzungu inangoja. Labda hata Abner mwenyewe alikuambia, pokea hili gitaa, anzeni. Ninachokililia ni kila mara uliyokuja nyumbani baada ya hapo. Mama alikuchinjia kuku na kukuwekea firigisi kama mkwe anavyowekewa, nawe ukala, ukashukuru, ukakaa kwenye kochi karibu na chumba ambacho kilikuwa cha kaka yangu na sasa kimejaa magunia ya mahindi. Mara ngapi, shemeji? Nimejaribu kuhesabu nikashindwa. Nakupenda, umekuwa mume mwema kwa dada yangu na baba mwema kwa watoto wenu, na ndiyo maana moyo wangu umevunjika mara mbili.

Nami pia sikai mahali pazuri kukuhukumu. Wewe ulinyamaza, mimi nilisema. Sijui nani kati yetu alimwua zaidi.

Unajua alikufa Aprili mwaka jana. Hukujua jinsi alivyoishi, kwa sababu hakuna aliyekuuliza wala kukuambia. Nyamarambe alikodi kibanda sokoni akatengeneza redio na baadaye simu. Hakushika gitaa tena. Sheila ameniambia jambo ambalo sikulijua, na naliandika hapa ulijue nawe. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni alifunga kibanda, hata wateja wakiwa wamepanga foleni. Alikwenda nyumbani, akaoga, akavaa shati jeupe, akasoma Biblia na mkewe na watoto, na kesho yake hakutengeneza hata redio moja mpaka jua lizame. Miaka arobaini na nane. Hakuwa na kanisa, hakuna aliyemwona wala kumhesabu, lakini aliishika Sabato kuliko wengi wetu tuliobaki katika kitabu.

Tulimzika huko huko Nyamarambe, si hapa kwa baba yake. Mama hakwenda. Tuliporudi jioni aliniuliza jambo moja tu, kama mvua ilinyesha kaburini. Nikamwambia hapana.

Sasa nikueleze la Mama, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Baada ya filamu nilikaa zaidi ya wiki mbili nikijipanga. Sheila alikuwa ametumiwa filamu ile kwenye simu, akanitumia na mimi. Jumatano iliyopita nikaenda chumbani kwa Mama baada ya chai ya saa nne, nimeamua kumwambia kila kitu. Nikajikuta namuuliza kama ameshiba. Basi nikaweka simu mapajani mwake nikaiwasha, bila kumwambia ni nini.

Alisikiliza kwa utulivu. Nilidhani hajui hata anachokisikia, kwa sababu Mama hakuwahi kukanyaga kwenye dansi maishani mwake. Baada ya muda akauliza ni nani huyu anayepiga. Nikamuuliza kama anamtambua.

"Mkono huu siujui," akasema. "Ana haraka. Kama ni Abineri unataka kunionyesha, Abineri hakuwa na haraka."

Fikiria, shemeji. Mimi nilisimama mbele ya baraza na kuapa juu ya mkono ule, na mama yangu, ambaye hajui roki ni nini, aliutenganisha na wa mwanawe katika muda wa kumeza chai. Hakuna aliyemwita siku ile. Na hata angeitwa, hakukuwa na cha kumsikilizisha. Nikasogeza filamu hadi mwisho, hadi kwenye giza. Noti ya kwanza ilipolia aliinua kiganja kunikataza kusema, ingawa nilikuwa sisemi kitu.

"Huyu ndiye."

Alisikiliza mpaka ikaisha, akaniambia nirudie. Nikairudia mara tatu. Kisha nikapiga magoti sakafuni nikamwambia yote isipokuwa jina lako. Jua, kreti ya soda, jinsi alivyowapa mgongo watu wote. Nikamwambia kwamba mlimani ni mimi niliyemtaja, na kwamba sikumwona, nilisikia tu, na hata kusikia nilisikia vibaya. Akaniuliza alikuwa amevaa nini. Nikamwambia shati jeupe na tai.

"Nilimpigia pasi Ijumaa," akasema.

Nilingoja anilaani, ningeshukuru. Badala yake alianza kusema polepole, kama anayejieleza kwa mtu mwingine chumbani. Alisema Abner alimwambia kabla ya kuondoka. Alimfuata jikoni, akamwambia, mama, nilingoja. Naye Mama akageuza uso akaendelea kuchagua mboga, kwa sababu alikuwa na watoto wawili wenye maneno mawili, na akachagua kumwamini yule aliyekuwa akitoka kanisani. Akaniuliza kama mtu akishazikwa anaweza kusikia.

Kwa upande wangu nimeamua. Sabato ya tarehe 27 mwezi huu nitasimama kanisani na kusema mbele ya watu wote kwamba nilimshuhudia kaka yangu uongo. Nimekwisha kuongea na mzee wa kanisa wa sasa, Ondieki, ambaye siku ile alikuwa hajazaliwa. Aliniambia kitabu hakiwezi kurudisha jina la marehemu, lakini hakuna anayeweza kunizuia kusimama. Nitasimama. Wewe sitakutaja, wala sitaacha filamu ikutaje kwa niaba yangu. Nimewahi kutaja jina la mtu mara moja bila idhini yake na naona matunda yake kila siku. Lako litaje mwenyewe.

Sheila hana hasira nawe, nimemuuliza. Alisema tu kwamba angependa kujua kama baba yake alicheka siku ile baada ya kushuka jukwaani, maana yeye hakumwona akicheka sana. Mimi sikuwepo, kwa hiyo sikuweza kumjibu. Wewe ulikuwepo.

Nisikuchoshe zaidi, na Emily amesema atapita kuichukua barua jioni. Msalimie sana dada yangu, mwambie akubali upasuaji. Nisalimie watoto wenu Pam na Eric, wenzi wao na wajukuu, na uwaambie wakija Desemba waje na viatu vya matope. Sheila anawasalimu, majirani wote wanawasalimu, na hata mzee Masese, ambaye mapafu hayamruhusu tena kuimba, amenituma nikuambie kwamba besi yake inasikika vizuri kuliko gitaa lako.

Mama pia anakusalimu, mkwe wake. Tangu Jumatano, kila asubuhi nikimpelekea uji, ananiuliza swali moja: yule mwenye haraka alikuwa nani? Mimi simjibu. Nimemwambia tu kwamba mwenyewe bado yuko hai, yuko mbali, na kwamba atampigia. Tangu hapo haiachi simu kifuani. Ikilia, hata wakiwa ni watu wa kiwanda cha chai, huipokea kwa mikono miwili na kusema, "Ni wewe?"

Mungu akulinde huko uliko, na akupe nguvu za kumjibu.

Ni mimi shemeji yako, ambaye bado anakupenda,

Bonareri